Mwalimu Aliyetaka Kuushika Ushahidi

Mwalimu wetu wa fizikia alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuamini. Simsemi kwa Mungu, maana Mungu alimwamini mpaka wakamfanya mzee wa kanisa. Nasema hakuamini maneno ya watu. Ukimwambia nje mvua inanyesha, anatoa mkono dirishani. Ukimwambia chai ina sukari, anaonja kwanza ndiyo anasema asante. Mke wake alikuwa akituambia, tukienda kuwasalimia siku za Jumapili, "Mwenzenu huyu, siku nilipomkubalia posa yake aliniuliza nina ushahidi gani kama nampenda." Tulicheka mpaka machozi, naye Mwalimu akaendelea kunywa chai yake, kwa sababu ilikuwa kweli.

Sasa mtu wa namna hiyo, jamani, alikuwa na jambo moja alilolifundisha miaka nenda miaka rudi bila kuliona kwa macho yake. Jambo lenyewe ni nadharia ya relativiti ya jumla. Vingine vyote alivipima mbele yetu. Sauti aliipima kwa kugonga reli iliyokuwa kengele ya shule, mwanga akaukunja kwa glasi ya maji. Hili moja lilimshinda, na lilimtesa. Alitaka, kabla hajafa, ushahidi wake mmoja tu, mdogo hata kama punje, aupate yeye mwenyewe. Picha za watu wengine hakuzitaka.

Shule ilikuwa upande wa Mufindi, si mbali na Nyololo, kule ambako ukungu unaingia darasani bila kubisha hodi. Tulivaa sweta mbili mbili. Yeye alivaa koti moja la kijivu mwaka mzima, na mfukoni mwake hamkukosa chaki na karanga, mara nyingi zimechanganyika. Akikupa karanga unatema chokaa.

Somo lake hilo halikuwemo kwenye mtihani. Alilifundisha Jumamosi mchana, baada ya usafi, kwa anayetaka. Mkuu wa shule hakupenda. Siku moja alisimama mlangoni, akamwambia mbele yetu, "Mwalimu, unawachosha watoto kwa kitu kisichokuja kwenye mtihani."

"Hata kifo hakimo kwenye silabasi, Mkuu," akajibu, "lakini kitakuja."

Mkuu akaondoka. Mwalimu akatugeukia, akaendelea pale pale alipoachia. Alieleza kwamba kitu kizito hakivuti vingine kwa kamba isiyoonekana, ila kinapinda mahali kilipo, na muda nao kinaupinda. Kwamba mwanga wa nyota ukipita karibu na jua unakunja njia kidogo. Kwamba saa ikiwekwa mlimani inakwenda haraka kuliko saa ya bondeni, kwa tofauti ndogo mno. Binti mmoja wa nyuma akanyoosha mkono.

"Umeona wewe mwenyewe, Mwalimu?"

Alikuwa ametufundisha mwenyewe kuuliza hivyo. Uso wake ukashuka. "Sijaona, mama. Wanasema wameona." Alitamka hilo "wanasema" kama mtu anayemeza kwinini. Mimi nilimwonea huruma, wenzangu wakanong'ona kwamba leo mzee kapatikana.

Siku nyingine alileta blanketi na boga. Tukashika blanketi pembe zote, akaweka boga katikati, blanketi likabonyea, akarusha maharage nayo yakazunguka boga kabla ya kuingia shimoni. Tukapiga makofi. Nilielewa kila kitu siku ile, au nilidhani nimeelewa. Basi Jumamosi iliyofuata aliingia darasani amekasirika, wala hakusalimia.

"Mliniacha nidanganye," alisema. "Boga lilizama kwenye blanketi kwa nini?"

"Kwa sababu ni zito, Mwalimu."

"Na kinacholifanya liwe zito nini? Si mvutano? Kwa hiyo nimeeleza mvutano kwa kutumia mvutano, na darasa zima mmekaa mnapiga makofi! Hakuna hata mmoja wa kunishika shati?"

Ndivyo alivyokuwa. Alitugombeza kwa kosa lake, na ubishi tulioanza nao tangu siku ile sijui kama umewahi kututoka. Mume wangu anamlaumu Mwalimu huyo mpaka leo.

Lakini huyu huyu asiyeamini alikuwa na rafiki aliyemwamini kwa asilimia zote, mfugaji mmoja Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake bonde la Usangu, wakajuana mnadani. Mwalimu alinunua saa mbili za mkono za aina moja. Moja akaitundika ukutani kwake huku juu kwenye baridi, nyingine akampelekea yule mfugaji kule chini kwenye joto. Alijua fika kwamba saa za dukani haziwezi kuonyesha tofauti ndogo kiasi kile, zenyewe tu zinapotea zaidi ya hapo. "Nataka nijue nimeshindwa kwa kiasi gani," alituambia. Zikaachwa miezi mingi. Likizo ilipofika akaitungua ile ya ukutani, akashuka nayo Usangu, akatuchukua mimi na wenzangu wawili tuliokuwa tunarudi kwetu Mbeya. Tulimkuta yule mzee kaivaa saa, inang'aa.

Mwalimu akazilinganisha na saa ya simu yake. Ile ya ukutani ilikuwa imebaki nyuma, lakini ya yule mzee ilikuwa sawasawa kabisa na simu, mpaka sekunde. Akaigeuza, akaitazama tena. "Haiwezekani," alisema. "Saa ya dukani haiwezi kuwa sawa hivi."

"Inawezaje kutokuwa sawa, Mwalimu?" yule mzee akasema kwa fahari. "Amana ya mtu naitunza. Kila asubuhi naiweka sawa na redio."

Tuliangalia chini ili tusicheke. Mwalimu akamshika rafiki yake bega akasema, "Ahsante sana, ndugu yangu. Umeitunza vizuri." Hakumwambia kamwe kwamba ameharibu jaribio lote. Njiani akatuambia kwamba wema nao unaharibu vipimo, na ni mbaya kuliko uzembe, maana mzembe utamgombeza.

Kisha likaja lile la jua. Hapo hadithi inauma kidogo.

Ilitangazwa kwamba jua litapatwa, na kwamba bonde la Usangu ndipo mahali pa kuonea. Mwalimu akawa kama bwana harusi. Kwa wiki kadhaa alituambia kwamba kutakuwa giza mchana, nyota zitatoka, na nyota zilizo karibu na jua zitaonekana zimesogea kidogo kutoka mahali pake, kwa sababu ya ule mpindo wa mwanga. Akaazima kamera kwa mpiga picha wa harusi. Akaomba lori la mbao litubebe. Kanisani alitangaza, na wazazi wengine wakaja. Kule bondeni tuliwakuta wafugaji na watoto wao wakingoja pia, na yule rafiki yake kachinja mbuzi kabisa.

Mwezi ukaingia kwenye jua. Ukaingia, ukaingia, ukakaa katikati, na jua likabaki pete. Pete nzuri, sitaisahau, lakini inawaka kwelikweli. Giza halikuja. Nyota haikutoka hata moja. Ng'ombe waliendelea kula majani.

Mwezi siku ile ulikuwa mbali na dunia, ukaonekana mdogo, ukashindwa kulifunika jua lote. Jambo hilo mtu wa fizikia analikokotoa kwa kalamu jioni moja, na yeye hakulikokotoa. Yeye! Aliyeonja chai! Alilitaka mno ndiyo maana, na mtu akitaka kitu mno anaacha kukikagua. Watu walianza kunung'unika, mzazi mmoja akauliza kwa sauti, "Nyota ziko wapi, Mwalimu?" Nilitamani ardhi inimeze kwa niaba yake. Akapanda juu ya lori, koti lake la kijivu mwilini na jua lile, jasho linamtoka, akasema, "Nyota hazitatoka. Aliyekosea ni mimi, si jua. Kaangalieni pete, ni nzuri." Kisha akashuka akala mbuzi na rafiki yake, akarudisha kamera ya watu bila picha.

Hakulizungumza tena. Ila tangu pale, Jumamosi, akifika kwenye somo lile, sauti yake ilikuwa inapungua. Nilimaliza kidato cha sita nikiwa najua kwamba mtu yule amejeruhiwa.

Sasa nisimpake mafuta. Kutoamini kwake kulimpa sifa, kukamla pia. Alipostaafu wakahamia Kihesa, mjini Iringa, daktari alimwambia ana presha ya macho, aweke dawa kila siku. Yeye akasema jicho haliumi, anaona vizuri, ushahidi uko wapi? Mke wake akamsihi, mchungaji akamsihi. Presha ya macho haiumi, ndiyo tabia yake, inaiba kutoka pembeni kimyakimya. Alipokuja kupata ushahidi alioutaka, macho yalikuwa yamekwenda, amebakiwa na mwanga na kivuli tu. Nilipoambiwa kwa simu nilimkasirikia, nikalia, na hasira yenyewe bado ninayo. Mtu aliyetaka kuona jambo moja duniani, anachezea macho!

Mimi nilikuwa nimeshakuwa mpima ardhi, makao yangu Mbeya. Nazunguka na kipokezi changu cha setilaiti, nasimamisha miguu yake mitatu, natafuta mipaka. Kazi iliyofanya nimrudie Mwalimu ilikuwa Chunya, kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu, ambako vumbi linaingia mpaka kwenye meno. Programu ya kukokotoa vipimo nilikuwa nimejiandikia mwenyewe, kwa sababu ya ule ubishi, sikutaka kuamini programu ya mtu. Siku ile nilikuwa na kipokezi kimoja tu, bila mwenzake wa kukisahihisha. Nikapima shimo la mzee mmoja, nikamwonyesha kwenye ramani.

"Wee dada!" akapiga kelele. "Shimo langu umelipeleka kwa jirani?"

Kweli, ramani ilionyesha shimo lake liko ng'ambo ya mpaka, hatua kadhaa kutoka pale tulipokuwa tumesimama. Watu wakajaa. Wengine walishika sururu, nami nikashika kompyuta. Nikakaa chini, nikapitia mahesabu yangu mstari kwa mstari, na nikakuta kuna mstari mmoja nimeusahau. Kila setilaiti ina saa ndani, na kipokezi kinapima umbali kwa saa hizo, zikikosea kidogo mahali panahama. Setilaiti yenyewe inazunguka dunia, na haizunguki kwa duara kamili, mara inasogea karibu na dunia, mara inakwenda mbali. Ikiwa mbali saa yake inakwenda haraka, ikiwa karibu inapungua. Masahihisho makubwa ya saa hizo hufanywa huko huko zinakotengenezwa, ila hayo madogo ya karibu na mbali ameachiwa mwenye kipokezi. Nikauandika ule mstari. Shimo likarudi kwa mwenyewe.

Wachimbaji walitawanyika, nami nikabaki nimekaa kwenye vumbi nimeshika mdomo. Mstari ule ni relativiti. Saa ya mlimani na saa ya bondeni, ndiyo hiyo hiyo, iko mkononi mwangu, nimeiona kwa kuisahau. Nikampigia simu mke wa Mwalimu papo hapo. Alisema, "Mwanangu, njoo haraka. Siku hizi haongei."

Nilifika Kihesa asubuhi. Alikuwa amekaa uani kwenye kiti, amekonda, koti ni lile lile.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kamwene, mama," akanisalimu kwa lugha ya kwao. "Sema tena nikujue." Nikasema tena, akanijua, akatabasamu. Nikamweleza habari ya Chunya. Alisikiliza bila kutikisika. Nilipomaliza nilidhani atafurahi. Akauliza, "Na mimi nitajuaje kama hukutunga ili kunifurahisha mzee?"

"Mungu wangu," mke wake akasema. "Mtoto katoka Mbeya!"

"Ndiyo nauliza. Katoka Mbeya kwa upendo. Upendo unasogeza vigingi." Kisha akapanga jaribio mwenyewe, pale pale kwenye kiti. Mimi nitasimamisha kipokezi na kukokotoa mara mbili, mara moja kwa kuutumia ule mstari, mara moja kwa kuuacha. Namba nitazitaja kwa sauti. Kupima kwa tepu na kugonga vigingi afanye mke wake. "Yeye nadharia hii imemchosha tangu ujana wetu," alisema. "Hana sababu ya kuipendelea."

"Hilo kweli," akasema mke wake, ambaye sisi tulimwita Mama, akaenda kuchukua nyundo.

Tulisimamisha kipokezi penye nafasi, kisikie anga vizuri, juu ya jiwe la mpaka wa kiwanja, ambalo mahali pake palishapimwa na kuandikwa. Nikakokotoa. Mama akagonga kigingi cha kwanza kando ya jiwe, pale hesabu yenye ule mstari ilipoangukia, akapima, akagonga cha pili pa hesabu isiyo nao. Vilikuwa vimekaribiana, kiganja kinavifunika vyote viwili. Setilaiti zilizokuwa juu saa ile zilikuwa zinafutana makosa, hii inavuta huku, ile inavuta kule. Mwalimu akapiga magoti, akavipapasa. Nilimwona akitafuta kwa vidole, akirudia, na moyo wangu ukaniambia nitaje namba nyingine, kubwa kidogo, nani atajua? Nilikuwa nimefungua mdomo.

"Havijaachana," alisema. Akanyanyuka taratibu, akapangusa magoti. "Vizuri. Hujanidanganya. Setilaiti zinatembea, au siyo? Basi tungoje zihame."

Tukangoja. Hakutaka kuingia ndani. Nilijua sasa kwamba nikishindwa leo nitakuwa nimemmaliza. Mama akapika, hakuna aliyekula. Mchana ulipokuwa umegeuka nikakokotoa tena, na hesabu yenye mstari ikabaki pale pale kwenye kigingi cha kwanza. Nikaitazama kompyuta kwa ile isiyo na mstari, nikataja namba. Mama akavuta tepu kufuata upande niliomwambia, akapita kiti cha Mwalimu, akapita tenki la maji, akasimama katikati ya bustani yake ya figiri.

"Hapa? Kwenye mboga zangu?"

"Hapo hapo, Mama."

"Gonga," akasema Mwalimu.

Akagonga, huku akilalamikia figiri zake. Mwalimu akaomba kamba. Tukaifunga kigingi hadi kigingi, ikanyooka, nikamshika mkono nikamfikisha mwanzo wa kamba. Akanizuia nisimwongoze. Akaishika kwa mkono mmoja, akaanza kutembea peke yake, taratibu, kidole kinateleza juu ya kamba, akapita kiti, akapita tenki, akaingia kwenye mboga na viatu vyake, na kamba bado inaendelea. Alipofika kigingi cha pili akakipapasa chote, kichwa mpaka udongoni. Kisha akaketi pale chini, akaanza kulia kwa sauti, bila kujificha. Sikuwahi kumwona akilia. Mama akaangusha nyundo akaja mbio.

"Nini tena, Baba? Kimekataa?"

"Kimekubali," alisema. Alikuwa anashindwa kuvuta pumzi. "Kimekubali, Mama. Miaka yote ile nilikuwa nasimama mbele yao naogopa. Kila mwaka, wanakuja wapya, wananiangalia usoni, nami sijui kama ninachowaambia ni kweli."

Akanyoosha mkono hewani kunitafuta. Nikaketi kwenye figiri karibu naye nikaushika.

"Sikuwadanganya watoto wa watu," alisema.

"Hukutudanganya, Mwalimu."

Mama alisimama akatutazama. Kisha naye akakunja kanga yake, akaketi pale pale na sisi.